Katikati ya Chumba cha Una

Winnipeg, 14 Septemba

Baba mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na miwani yako umeiweka mahali unapoweza kuiona bila miwani. Ningepiga simu, lakini mara ya mwisho nilikuuliza kama mvua inanyesha ukanijibu, "Ndiyo, nimekula." Basi tuandikiane.

Hapa watu wakiniuliza nasoma nini, nikiwaambia nasomea utunzaji wa nyaraka, wananitazama kwa huruma kama waliokuja msibani. Nami nawaacha tu, maana kweli nimefiwa. Kazi yetu ni kujifunza karatasi zipi zibaki, zipi zitupwe, zikae wapi zisiliwe na unyevu wala wadudu. Tunasoma mpaka macho yanauma, halafu tunaenda kula andazi la viazi la Kiukraine pale kona, na watu wote wa darasa letu wananuka kitunguu.

Jana mwalimu wetu, Bi. Halldorson, mama mrefu asiyejua kupandisha sauti, alitufundisha jambo ambalo halijanitoka. Alisema karatasi za marehemu usizipange upya. Hata uzikute shaghalabaghala, usizipange kwa tarehe wala kwa majina. Jinsi mwenyewe alivyoziacha ni sehemu ya maneno yake. Ukizipanga, umemkatiza bado anaongea.

Nikakumbuka chumba cha Mama. Nilikiona chote, Baba, nikiwa nimeketi pale darasani: mafungu ya karatasi kandokando ya kuta, juu ya viti, juu ya masanduku, na sakafu ya katikati wazi. Posta aliyoisimamia mle ilifungwa zamani lakini watu waliendelea kumletea kila walichoshindwa kukitupa. Picha za harusi, michoro ya mashua, nyimbo za kanisani, ripoti za shule za watoto waliokwisha kuwa wazee. "Mpelekee Una," walisema, na Una alipokea. Nami nilipokuwa mdogo nikikatiza katikati ya chumba kumfikia, alinikemea, kama alivyomkemea kila aliyekuja, bila kuinua macho: "Zunguka, mtoto!" Mpaka leo sijui kwa nini. Hapakuwa na kitu pale sakafuni.

Nakuomba jambo moja. Usiguse chochote mle mpaka nije mwezi wa sita. Nataka nimsikie amalize.

Mwanao akupendaye,
Bernadette

*

Merrin Cove, 2 Oktoba

Mwanangu Bernadette,

Barua yako imefika na kivuko cha Alhamisi, imelowa pembe moja. Sijaikausha, nisije nikaharibu mpangilio.

Chumba cha mama yako nimekifunga na ufunguo nimeutia kwenye kopo la chai. Nilichungulia tu mlangoni. Soksi yangu ya pili aliyokuwa akinifumia bado iko kitini pake, imeishia kisiginoni, sindano zimo. Ile iliyokamilika nayo iko mle, juu ya meza. Nilitamani kuichukua maana baridi imeshaanza kuuma, lakini wewe ndiye msomi, basi mguu na uvumilie.

Ulivyoandika umenikumbusha kitu. Nilipokuwa mtoto, watu wa visiwani walihamishiwa huku bara, na nyumba zao zilivushwa majini. Walifunga mapipa matupu chini ya nyumba, maji yakijaa ikaelea, boti zikaivuta. Ya bibi yangu ilikuja siku ya ukungu. Bibi mwenyewe alikataa kutoka. Alibaki ndani na jiko lake likiwaka, na sisi watoto tukasimama ufukweni tukaona moshi kwanza, halafu paa, halafu pazia dirishani, nyumba nzima ikija polepole bila sauti. Ilipogusa nchi kavu tulikimbilia ndani. Kikombe chake kilikuwa mezani, na chai imo. Nimeiota nyumba ile mara nyingi mwaka huu, ila katika ndoto haifiki.

Watu wa serikali ya jimbo kutoka St. John's walikuja kufanya mkutano ukumbini. Walimaliza keki yote ya shangazi yako Philomena. Zaidi ya hapo hakuna habari.

Baba yako,
Cyril Pardy

*

Winnipeg, 20 Novemba

Baba,

Nina furaha mpaka naogopa. Bi. Halldorson amekubali chumba cha Mama kiwe ndiyo tasnifu yangu! Nilimsomea kidogo barua yako, akasema, "Mwambie baba yako tungemwajiri." Nikamwambia hutakubali, hakuna kulungu wa kuwinda katikati ya Winnipeg.

Kwa hiyo sasa si ombi tena, ni amri. Hata Shangazi asiingie na ufagio wake. Ukihamisha kitu kimoja tu, utakuwa umenivurugia kila kitu. Chukulia kwamba Mama ametoka kidogo na anarudi.

Walitushusha kwenye ghala la chini la nyaraka, vinakohifadhiwa vitu. Kuna baridi ya namna yake mle, baridi isiyobadilika, na taa zinawaka mbele yako unapotembea kisha zinazimika nyuma yako. Rafu hazina mwisho. Nilitembea nikapoteza hesabu ya wakati, nikawa nasikia kama watu wengi wamelala na wanapumua taratibu. Nilitaka kukaa mle. Nilitaka Mama awe mle. Wenzangu walikuja kunitafuta wakanicheka.

Mto umeganda. Watu wanatembea juu yake kwenda kazini.

Bernadette wako

*

Merrin Cove, 8 Januari

Mwanangu,

Heri ya mwaka mpya. Asante kwa soksi ulizonunua, zinafaa, ingawa zina picha ya nyati.

Krismasi ilikuwa tulivu. Nilioka keki, nikaweka chupa mezani, nikaacha taa ya barazani ikiwaka kwa ajili ya wajifichaji, waje kama kila mwaka wamejifunika nyuso tuwakisie ni nani. Mwaka huu hawakugonga kwangu. Niliwaona kwa dirisha wakipita, mmoja kavaa gauni la mkewe na foronya kichwani, mwingine kajitia nundu ya mto mgongoni. Walienda kwa shangazi yako na Leander, wakaenda kwa jirani yetu wa juu, wakashuka. Nilikuwa nimejiandaa kabisa kujifanya siwatambui. Huenda ni theluji, maana njia yangu sikuisafisha vizuri.

Keki imebaki nyingi. Chumba kiko vilevile.

Usinifikirie sana, soma.

Baba yako

*

Merrin Cove, 19 Februari

Bernadette,

Mimi ni shangazi yako Philomena, na sikuandikii kukusalimu. Nimekuosha, nimekulisha, nimekuchana nywele mama yako akiwa na kazi za posta, kwa hiyo nina haki ya kukuuliza: binti, umemfanya nini kaka yangu?

Najua hajakwambia. Yule akiungua moto atasema kuna joto kidogo. Tumepiga kura ya kuhama, sote. Shule imefungwa, nesi haji tena, na kivuko wanakipunguza. Serikali inasema kijiji kikikubali, watatulipa fidia tuanze maisha mjini Lewisporte, kisha watakata umeme hapa. Lakini wasipokubali karibu wote, hatoki mtu. Kura za ndiyo zimehesabiwa, na imepungua moja. Ya Cyril.

Watu walimwendea kwa upole. Mchungaji alimwendea. Nami nilimwendea, si kwa upole. Unajua alinijibu nini? Alisimama mbele ya ule mlango, akasema, "Bernadette amekataza chumba kisiguswe. Ni masomo yake." Nikamwambia, "Cyril, figo za mume wangu zimekufa! Leander anavuka bahari na barafu kufuata mashine ya kumsafisha damu, na kivuko kisipokwenda analala anavimba. Wewe unaniambia habari za chumba?" Akasema, "Una ametoka kidogo."

Bernadette, nililia njia nzima kurudi nyumbani. Nilimpenda mama yako kuliko ndugu zangu wa damu. Lakini Una amekufa, na Leander hajafa bado.

Sasa hakuna anayemsemesha. Krismasi wajifichaji walimruka, unajua jambo hilo lina maana gani kwetu. Nami nilikuwa mmoja wao, nilikuwa ndani ya koti la Leander, nikapita mlangoni kwa kaka yangu nikiona taa yake inawaka. Mungu anisamehe.

Kama hayo ndiyo wanayofundisha huko, basi yafute. Kama siyo, mwandikie.

Shangazi yako,
Philomena

*

Winnipeg, 3 Machi

Baba yangu,

Shangazi ameniandikia. Usimkasirikie.

Nimesoma tena barua zangu zote kichwani na nimeona aibu. Nilikufundisha nusu ya somo. Nilikwambia usiguse, kwa sababu nusu hiyo ndiyo niliyotaka kuisikia mimi mwenyewe. Nilikuwa huku mbali, na nilitaka pawe na mahali ambapo Mama hajaondoka, na nikakupa wewe kazi ya kupalinda. Nisamehe, Baba. Ulikuwa unasimama mlangoni kwa niaba yangu na watu wanakupita.

Sasa sikiliza nusu iliyobaki. Kila kilichomo kwenye lile ghala nililokuandikia kimehama. Hakuna hata karatasi moja mle iliyozaliwa mle. Zote zilitoka vyumbani kwa watu, zikabebwa kwenye malori na mashua, na nyumba zilikotoka nyingi hazipo. Kuhamisha si kosa letu, kuhamisha ndiyo kazi yetu. Kosa ni kuhamisha bila kukumbuka kitu kilikuwa wapi. Kwa hiyo kwanza unachora: fungu hili lilikuwa hapa, kiti hiki kilielekea huku. Unazipa namba. Kisha unabeba. Na ukifika unaweka tena jinsi ulivyochora.

Wewe ulijua haya kabla yangu. Bibi yako alivuka bahari na chai haikumwagika.

Lakini kuna jambo nataka kuliuliza kabla ya hilo, na nijibu kwa kweli, usiniambie kuna joto kidogo. Je, wewe unataka kubaki? Kama unataka kubaki Merrin Cove kwa sababu ni kwako, baki, nami nitamwandikia Shangazi na nitabeba matusi yake. Ila usibaki kwa ajili ya tasnifu yangu. Tasnifu nitaandika nyingine, hata ya ankara za maji za manispaa. Baba nitampata wapi mwingine?

Nakungoja.

Bernadette

*

Merrin Cove, 6 Aprili

Mwanangu kipenzi,

Nimechelewa kujibu. Barafu ilizuia kivuko, na kivuko kilipokuja mimi nilikuwa bado sijawa tayari.

Umeniomba kweli. Kweli ni kwamba nilijificha nyuma ya barua yako. Ulipoandika nisiguse, nilishukuru Mungu. Tangu tumzike mama yako kila mtu alikuwa akiniambia nitoe hiki, nigawe kile, nipake rangi. Wewe peke yako, tena msomi, ndiye uliyeniambia niache. Kisha wakaja wale watu na kura yao, nami nikawa na hofu moja ya kijinga ambayo sikuweza kumwambia mchungaji. Niliogopa kwamba tukihama, Una hatajua pa kunitafuta. Basi. Mzee wa umri wangu.

Siku barua yako ilipofika nilitoa ufunguo kwenye kopo la chai. Nilichukua nyuma ya kalenda ya duka na penseli, nikaweka kigoda mlangoni, nikaanza kuchora kama ulivyosema. Fungu la kwanza kushoto, lile lenye vitabu vya nyimbo. Linalofuata, lenye picha za harusi ya kina Leander na karatasi zake za hospitali. Halafu nafasi, kisha fungu dogo juu ya sanduku, la marehemu Abner aliyekaa peke yake kule mwambani. Nilichora kwa siku kadhaa. Ukungu ulikuwa mzito, dirisha lilikuwa jeupe tupu, na kuna wakati nilihisi chumba kizima kinakwenda, kinavutwa polepole, nami nimo ndani. Sikuogopa.

Nilipomaliza nilipeleka kalenda jikoni kwenye mwanga nione kama inasomeka. Nikaitazama, nikakaa chini.

Bernadette, nilikuwa nimechora Merrin Cove.

Kanisa liko kushoto panapoanza ghuba, ndipo vilipo vitabu vya nyimbo. Nyumba ya Leander inafuata. Ile nafasi ni kijito. Fungu lililopanda sandukuni ni Abner juu ya mwamba wake. Kila mtu aliyemletea karatasi aliwekwa mahali anapokaa, ukutani mwa chumba kama ufukweni, mpaka unazunguka kuja kufikia gati ya mashua upande wa kulia. Na meza yake na kiti chake viko palepale ilipo nyumba yetu, vimeelekea katikati.

Na katikati, mwanangu, ni maji. Ndiyo maana alikukemea. Ulikuwa unatembea juu ya bahari.

Miaka yote ile nilimpelekea chai nikiishia nayo mlangoni, nikidhani mke wangu ni mtu wa fujo.

Nilicheka peke yangu mpaka nikakohoa. Kisha nikavaa koti nikaenda kwa Philomena. Alifungua akanitazama kama mkusanya kodi. Nikamwambia, "Nimekuja kukubali. Ila kwanza nipe chai, hujanipa chai tangu Oktoba." Akanipiga na kitambaa cha vyombo, halafu akanishika akalia begani kwangu, na Leander akapiga kelele kutoka kitini kwake, "Mleteni huyo mkaidi hapa nimwone!" Mguu wake umevimba, lakini mdomo mzima.

Kura imepita. Watakata umeme mwishoni mwa kiangazi. Njoo Juni, tubebe pamoja. Ghuba yote tunayo, imo nyuma ya kalenda.

Baba yako

Nimesahau: soksi bado sijaigusa. Hiyo niambie mwenyewe.

*

Winnipeg, 20 Aprili

Baba,

Barua yako niliisoma nimesimama kwenye ngazi za maktaba na watu wakanizunguka pande zote mbili. Nimesoma tena. Nimempelekea Bi. Halldorson, na yule mama asiyepandisha sauti alisema "Loo!" hadi mlango wa pili ukafunguliwa.

Ivae ile iliyokamilika. Ile nyingine mpe Shangazi aimalize. Mkono wake hautafanana na wa Mama, na ndivyo inavyotakiwa: mtu aone mmoja alipoishia na mwingine alipoanzia.

Nakuja.

Bernadette

*

Lewisporte, 12 Oktoba

Mwanangu Bernadette,

Tangu uondoke nilikuwa nangoja waniruhusu kuingia kwenye chumba cha pili, maana bomba la joto lilikuwa linavuja. Sasa kimekauka. Nimefungua masanduku yetu kwa namba zako, moja moja, kalenda ukutani. Ilinichukua muda, kwa sababu kila fungu nililoliweka nilikaa nalo kidogo kabla ya kwenda kwa jirani yake. Kuta za hapa zimenyooka mno, imebidi ghuba nilazimishe kupinda.

Unaniuliza kama nakiota bado kijiji. Ndiyo. Ile nyumba ya bibi sasa inafika.

Soksi imekwisha. Kisigino cha Philomena kimekaza, kinanibana, nimemwambia, akasema nikitaka kilegee nioe mwanamke mwenye subira. Nimezivaa zote mbili ninapoandika. Tena naandika mezani kwa mama yako, kitini pake. Sikuwahi kukaa hapa. Ukikaa hapa unawaona watu wote.

Lakini nilitaka kukusimulia ya Jumapili. Niliwaalika watu wetu chai, wale waliohamia hapa mjini. Walikuja wengi kuliko vikombe. Leander alikuja, mashine iko mtaa wa pili na uso wake umerudiwa na rangi. Sikuwaambia lolote kuhusu chumba, nilifungua mlango tu nikasema, "Karibuni kwa Una."

Walisimama kizingitini. Kisha mama mchungaji akaenda kushoto, kwenye vitabu vya nyimbo. Philomena akamshika Leander mkono, wakapita kanisani, wakafika kwao, wakasimama. Mmoja mmoja waliingia wakifuata ukuta, wakaruka kijito, mtoto wa dada yake Abner akapandisha macho kwa mjomba wake juu ya sanduku. Hakuna aliyemwonyesha mwenzake njia. Kila mtu alisimama mbele ya nyumba yake, wakatazamana kuvuka sakafu ile tupu. Chai ilipoa.

Basi akabisha fundi wa jengo, kijana wa hapahapa mjini, amekuja kukagua lile bomba. Bomba liko ukuta wa mbele, upande wa gati. Akasema samahanini, akashika sanduku lake la vyuma, akainua mguu akatize katikati ya chumba.

Watu wote, Bernadette, wazee kwa vijana, kwa sauti moja:

"Zunguka, mtoto!"

Akazunguka.

Baba yako,
Cyril